Safari ya Zugspitze na Sahihisho Lililochelewa

(Hii ni hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu mmoja mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika karamu ya jioni ya mkutano wa mwaka. Tunaichapa kama alivyoisema, kwa ombi lake mwenyewe, na msomaji atakayefika mwisho ataelewa kwa nini aliomba hivyo. – Mhariri)



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alinipa masharti mawili. La kwanza, nisilete siasa. La pili, nisizidishe nusu saa, kwa sababu pilau haimngoji mtu. Akaongeza kwamba amesikia nilikwenda Ulaya kumtembelea binti yangu, na kwamba nilipanda mlima huko, basi nieleze habari za mlima huo. Nikaona ni jambo la haki. Sisi sote tulisoma shule ambayo ukifungua dirisha la bweni asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, unaiona Kibo imekaa pale na kofia yake nyeupe. Mtu aliyekulia chini ya mlima ana deni la kuzungumza juu ya milima. Na wengi wenu mnakumbuka kwamba mimi nilikuwa mmoja wa wale vijana kumi na wanne wa shule hii waliokwenda kuupanda Desemba 1979. (Makofi.)

Ahsanteni. Lakini makofi hayo nawaomba mniwekee akiba. Nitayarudia kabla sijakaa.

Mlima gani huu?

Mlima ninaouzungumzia unaitwa Zugspitze. Uko kusini kabisa mwa Ujerumani, katika mkoa wa Bavaria, pale nchi hiyo inapopakana na Austria. Ni sehemu ya milima ya Alpi, na kilele chake kina urefu wa mita 2,962 kutoka usawa wa bahari. Hakuna mahali pengine katika Ujerumani palipo juu zaidi.

Sasa, ninyi vijana wa hesabu mmekwisha kucheka. Kibo ni mita 5,895. Ukiichukua Zugspitze na kuiweka juu ya Zugspitze nyingine, zote mbili zitaipita Kibo kwa mita 29 tu. Kwa lugha ya njia ya Marangu, kilele cha Ujerumani kiko juu kidogo ya kibanda cha Mandara, pale mgeni anapolala usiku wa kwanza akiwa bado amezungukwa na msitu na nyani.

Lakini hapa ndipo jiografia inapoingia. Mwalimu wetu wa jiografia, Mungu amrehemu, alitufundisha kwamba kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi zipatazo sita. Alitufundisha vilevile kwamba jambo la muhimu si kimo peke yake. Ni kimo pamoja na umbali kutoka Ikweta. Mandara iko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo miti inamea. Zugspitze iko nyuzi 47 kaskazini, na kwa kimo hichohicho huoni hata jani. Ni mwamba mtupu, changarawe na theluji. Kituo cha hali ya hewa kimekuwapo kileleni tangu mwaka 1900, na tarehe 14 Februari 1940 kilipima baridi ya nyuzi 35.6 chini ya sifuri. Kwa hiyo msiidharau kwa ufupi wake.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa darasani. Wakati nchi yetu ilipokuwa koloni la Wajerumani, watoto wa Ujerumani walifundishwa kwamba mlima mrefu kuliko yote katika dola yao ni Kilimanjaro, na kilele chake walikiita kwa jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm. Hans Meyer, mtu wa Leipzig, alifika juu tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg. Meyer alijaribu mara ya kwanza mwaka 1887 na barafu ikamrudisha. Mwaka 1888 alitekwa katika vita vya Abushiri hata hakuufikia mlima. Mara ya tatu ndiyo aliyofaulu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza koloni likawatoka Wajerumani mkononi, na Zugspitze ikarudishiwa cheo chake cha zamani. Na usiku wa kuamkia Uhuru wetu, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliisimamisha bendera yetu pale juu pamoja na mwenge, na tangu hapo kilele kinaitwa Uhuru. Kwa hiyo milima hii miwili ni kama watu wawili waliowahi kukaa kiti kimoja kwa zamu.

Reli ya meno

Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Munich. Alinipeleka Zugspitze siku moja ya Septemba 2023, siku yake ya mapumziko. Tuliondoka alfajiri kwa gari moshi, na baada ya kama saa moja na nusu tukafika Garmisch-Partenkirchen, mji mdogo ambako michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika mwaka 1936. Nyumba zake zimechorwa picha za watakatifu na wakulima kwenye kuta za nje, na kila dirisha lina maua mekundu.

Hapo tukapanda gari moshi jingine, dogo, la reli ya meno. Nieleze kidogo kwa ajili ya wale wanaotaka kuwa mafundi. Gari moshi la kawaida hushikilia reli kwa uzito wake tu. Likikuta mlima mkali, magurudumu huzunguka bure kama baiskeli kwenye tope la masika. Sasa, katikati ya reli mbili huwekwa reli ya tatu yenye meno, na chini ya gari kuna gurudumu lenye meno linalouma meno yale. Gari halitelezi mbele wala nyuma. Linapanda polepole, lakini linapanda.

Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1928 na 1930. Kipande cha mwisho kinaingia ndani ya mlima wenyewe, katika handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita nne. Ukiwa mle huoni kitu ila taa na mwamba. Nilijikuta nawafikiria watu waliolitoboa, kwa baruti na sururu, katika baridi ile.

Mnatoka kwenye mwanga ghafula, kimo cha karibu mita 2,600, katika bonde pana la mawe liitwalo Zugspitzplatt. Wakati wa baridi watu huteleza hapa kwa mbao miguuni. Sisi tulikuta theluji kidogo, na watoto wakishuka juu yake kwa visahani vya plastiki, wanapiga makelele kama watoto wa popote duniani. Binti yangu akaniambia, "Baba, jaribu." Nilikuwa nimekwisha kutimiza miaka sitini na miwili. Nilijaribu. Nilikwenda mita kumi hivi kwa heshima, na mita tano zilizobaki bila heshima yoyote. (Kicheko.)

Karibu na hapo pana kanisa dogo la mawe lililowekwa wakfu mwaka 1981 na Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16. Ndilo kanisa lililo juu kuliko yote katika Ujerumani. Tuliingia, tukakaa kimya kidogo, tukatoka.

Barafu inayokwisha

Niliuliza: barafu iko wapi? Maana nilikuwa nimesoma kwamba Zugspitze ina barafuto, yaani theluji ya miaka mingi iliyogandamana ikawa mwamba wa barafu. Binti yangu akanionyesha upande mmoja. Niliona kitu kama shuka chafu lililoanikwa kwenye mawe.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo ilikuwa barafuto kubwa kuliko zote iliyosalia katika Ujerumani. Kwa upande wa pili wa bonde palikuwa na nyingine, jina lake Schneeferner ya Kusini. Mwaka 2022 wataalamu wa Bavaria waliipima wakaona imekuwa nyembamba mno, haina tena nguvu ya kujisukuma, na barafu isiyojisukuma haihesabiwi kuwa barafuto. Wakaiondoa katika orodha. Zilizokuwa tano katika nchi nzima zikabaki nne.

Wenyeji hawakukaa bure. Tangu miaka ya tisini hadi mwaka 2012 walikuwa wakiitandikia barafu maturubai makubwa kila kiangazi ili jua lisiipige. Mwishowe wakaacha, kwa maana eneo la kufunika lilipungua kila mwaka na faida haikuonekana. Niliposikia hivyo nilikumbuka wazee wetu wanaofunika mgomba kwa majani ya mgomba. Nia ni njema, lakini jua ni jua.

Na sisi tusiwacheke. Barafu iliyokuwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 yake imekwisha kupotea. Ile kofia nyeupe niliyoitaja mwanzoni, mimi niliiona kubwa kuliko mnavyoiona ninyi vijana. Sisemi haya ili kuwahuzunisha kabla ya chakula. Nasema kwa sababu mtu aliyeiona anapaswa kutoa ushahidi kwamba aliiona, na wa kweli.

Kileleni

Kutoka bondeni tulipanda gari la waya fupi hadi kileleni. Pale juu pamejengwa: kuna jukwaa pana, mikahawa, mitambo, na ukumbi wa maonyesho. Mpaka wa Ujerumani na Austria unapita katikati. Nilivuka kwenda Austria nikarudi Ujerumani mara tatu ndani ya dakika moja, na hapana aliyeniuliza pasipoti, jambo ambalo kwa mtu aliyewahi kukaa siku nzima mpakani ni muujiza kuliko theluji.

Siku ilikuwa safi. Upande wa kaskazini nchi ni tambarare, na maziwa yanang'aa kama sarafu. Upande wa kusini ni milima, nyuma yake milima, nyuma yake tena milima, hadi Uswisi na Italia. Kibo imesimama peke yake kama mfalme. Alpi ni baraza zima la wazee waliokaa pamoja. Sikuweza kusema ipi ni bora.

Hata hivyo jukwaa si kilele chenyewe. Kilele cha kweli kiko ng'ambo kidogo, mwamba mwembamba wenye msalaba wa dhahabu. Msalaba wa kwanza ulisimamishwa mwaka 1851. Zamani mlima huu ulikuwa na vilele vitatu. Kimoja kilimezwa na kituo cha gari la waya, na kingine kilivunjwa kwa baruti mwaka 1938 na jeshi la wakati ule, ili kujenga kituo ambacho hakikujengwa kamwe. Kwa hiyo huu wa msalaba ndio uliobaki.

Kuufikia unashuka ngazi, unavuka ukingo, halafu unapanda ngazi ya chuma na kushika waya uliofungwa mwambani. Ni dakika kumi na tano tu. Watu walikuwa wamepanga foleni kama foleni ya sukari ya zamani zetu. Mimi nilivaa viatu vya ngozi vya kwendea kanisani. Vijana, sikilizeni: mlima hauangalii kama viatu vimepigwa rangi. Unaangalia soli.

Nilifika katikati ya ukingo, nikatazama chini upande wa kushoto, na magoti yangu yakakataa. Nisimfiche mtu: nilisimama pale nimekumbatia waya kama mtoto aliyekumbatia mguu wa mama yake sokoni. Binti yangu alikuwa mbele, hakuniona. Watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika kwa Kijerumani. Ndipo nikasikia sauti ya mzee nyuma ya sikio langu ikisema, kwa Kiswahili, "Pole pole."

Niligeuka kwa shingo tu. Alikuwa Mjerumani mwenye umri wa miaka sabini na kitu, uso umechomwa na jua. Akarudia, "Pole pole," akauweka mkono wangu wa kulia mahali pazuri zaidi juu ya waya, kisha wa kushoto, kisha akanionyesha pa kuweka mguu. Tukaenda hivyo hadi msalabani. Nikaugusa. Nikapigwa picha. Nikarudi jinsi hiyo hiyo, yeye akiwa mbele sasa, ananionyesha kila hatua. Alikuwa amepanda Kilimanjaro zamani, na maneno mawili hayo ndiyo aliyorudi nayo kwao.

Mezani

Sasa habari za chakula, ambazo najua ndizo wengine mlizokuwa mkizingojea.

Kileleni kuna nyumba ya wapanda milima inayoitwa Münchner Haus, iliyojengwa mwaka 1897. Tulimkaribisha mzee wetu, au yeye alitukaribisha sisi, maana mwishowe alikataa tusilipe. Walileta supu nzito ya dengu za kijani yenye vipande vya soseji ndani. Wakaleta madonge ya mkate uliolowekwa na kuchemshwa, ukubwa wa ngumi, ambayo yangefanana na ugali kama ugali ungekubali kuviringishwa hivyo. Wakaleta tambi fupi zilizochanganywa na jibini na vitunguu vya kukaanga. Hizo hazina nyama, na nawashauri ndugu zetu Waislamu waombe hizo, kwa kuwa soseji za huko nyingi zina nguruwe. Mwisho chapati nene ya mayai iliyochanwachanwa, ikanyunyiziwa sukari na kuletwa na rojo ya matunda. Wanaiita kwa jina la mfalme. Nilikula sahani yangu, kisha nikamsaidia binti yangu.

Kwa wanafunzi wa fizikia: kimo kile hewa ina kanieneo ya kama asilimia 70 tu ya ile ya pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu chai ya mlimani haikolei vizuri. Atakayebisha aende Mandara na kipimajoto.

Basi tukiwa hapo, binti yangu, kwa kunipenda, akamwambia mzee yule, "Baba yangu naye amefika kilele cha Kilimanjaro. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari." Uso wa mzee ukang'aa. Akaweka kijiko chini. Akauliza, binti akatafsiri: Ulifika lini? Ulipita njia ipi? Kutoka Gilman's Point hadi Uhuru ulitumia muda gani? Na jua lilipochomoza, kivuli cha mlima ulikiona kinaelekea wapi?

Ndugu Mwenyekiti, sikuwa na jibu la swali hata moja kati ya hayo mawili ya mwisho. Nami sasa nayarudia yale makofi mliyonipa.

Desemba 1979 tuliondoka kibanda cha Kibo saa sita za usiku, vijana kumi na wanne. Tulipofika Pango la Hans Meyer, kichwa changu kilikuwa kikipigwa nyundo na tumbo limenigeuka. Nilikaa chini. Mwongozaji mmoja, mzee wa Marangu, alibaki nami wakati wenzangu wakiendelea. Aliniambia, "Kijana, kushuka si dhambi. Mlima hauhami." Asubuhi wenzangu waliposhuka wamechoka, wengine wanalia, hapana aliyekumbuka nani alikuwa wapi gizani. Tulishuka pamoja. Na toleo la gazeti hili la mwaka uliofuata likaandika kwamba vijana kumi na wanne walifika kileleni, na jina langu likawa la sita. Cheti nilisema kimepotea.

Sikusema uwongo, nilijiambia, nilinyamaza tu. Lakini ukimya ukikaa miaka arobaini na minne unaota mizizi. Nilimwoa mke wangu akijua nimefika Kibo. Watoto wangu walijisifu shuleni. Na mara moja, Mungu anisamehe, nilitoa hotuba juu ya ushupavu. (Kicheko.)

Pale mezani, kwenye mlima wa wenyewe, nilimwambia mzee yule ukweli, na binti yangu ndiye aliyelazimika kuutafsiri. Alianza sentensi, akasimama, akanitazama, akaimaliza. Sitasahau mtazamo ule. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayekuona upya na bado hajaamua.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Zugspitze amekuja mara nyingi asizozihesabu kwa miguu, kwa njia ya bonde la Reintal, kilomita zipatazo 21 kutoka Garmisch, na kwamba mara kadhaa amerudi njiani kwa ajili ya dhoruba. Katika daftari lake huziandika zote, zilizofika na zisizofika. Akaniuliza, "Huyo mzee aliyebaki nawe pangoni, alifika kileleni siku ile?" Nikasema hapana, alibaki kwa ajili yangu. Akatikisa kichwa. Hakuongeza neno.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mgeni kwake, na bado niliyepona ni mimi.

Kushuka

Tulishuka kwa gari la waya kubwa lililofunguliwa Desemba 2017. Linabeba watu 120 kwa mara moja, linashuka mita 1,945 kwa muda wa dakika kumi, na njia nzima ina mnara mmoja tu, wa chuma, wenye urefu wa mita 127. Kutoka mnara huo hadi kituo cha juu waya unakaa hewani zaidi ya kilomita tatu bila kuegemea kitu. Linakwenda kwa mizani: moja likishuka, jingine linapanda. Masikio yaliziba, tukameza mate, na tukawa tumefika ziwa Eibsee, maji ya rangi ya kijani yaliyo safi hata mawe yanaonekana chini. Tulilizunguka kwa miguu, kilomita saba na nusu, binti yangu na mimi. Ndiyo matembezi marefu tuliyowahi kufanya pamoja tangu awe mtu mzima. Kilomita tatu za kwanza hakusema kitu. Kisha akasema, "Baba, ungeniambia tu kwamba ulifika pangoni. Pangoni ni juu kuliko hapa, sivyo?" Nikamwambia ni kweli: pangoni ni zaidi ya mita 5,000. Akacheka. Tukanywa kahawa, tukala keki ya matofaa.

Mnaweza kuniuliza: je, na sisi tujenge gari la waya Kilimanjaro? Wazo hilo lilitajwa mwaka 2019, na wapagazi na waongozaji walilipinga kwa hofu ya kazi zao. Mimi si mtaalamu. Nasema mambo mawili niliyoyaona. Kwanza, tiketi ya siku moja ilizidi yuro 60, yaani zaidi ya shilingi 150,000, na kwa gharama hiyo hapana mwanakijiji aliyebeba mzigo wangu wala aliyenipikia uji. Pili, mita 2,962 mwili unavumilia kufikishwa ghafula. Mita 5,000 ni jambo jingine, nami ni shahidi. Zaidi ya hayo, gari la waya lisingebaki nami pangoni.

Kila mlima una jina la aliyefika na jina la aliyeonyesha njia. Zugspitze ilipandwa tarehe 27 Agosti 1820 na Luteni Josef Naus, mpima ramani, lakini aliyemwongoza ni mwenyeji, Johann Georg Tauschl. Hans Meyer alipokelewa Marangu na Mangi Marealle, na wazee wa huko husimulia habari za kijana wao Yohani Kinyala Lauwo aliyewaonyesha Wazungu njia. Wa kwangu jina sikulishika. Nilikuwa na miaka kumi na minane, naumwa kichwa, sikumwuliza. Hilo nalijutia kuliko kilele.

Basi ninayo maombi mawili, nami nimemaliza. La kwanza ni kwa Mhariri: toleo lijalo liandike kwamba Desemba 1979 walifika vijana kumi na watatu, na kwamba wa sita alifika Pango la Hans Meyer. La pili ni kwa Mwalimu Mkuu: likizo ya Desemba nitakwenda Mandara kwa miguu, nikiwa na viatu vya kufaa safari hii. Ni kimo kinachokaribia kile cha Zugspitze, nami nitafanya njiani kama mzee yule alivyofanya, nikiandika daftarini nilipofika. Wanafunzi watakaoruhusiwa na wazazi wao waje nami. Atakayechoka, nitakaa naye.

Pilau imenukia. (Makofi.)